Glavu za Mama

Mama yangu alifumua mshono kwenye mguu wa mgonjwa mwenzake. Nianze na hilo, kwa sababu watu wa makao ya wazee huanzia hapo kila mara, na wakishaanzia hapo hawataki kusikia lingine.

Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kile cha karibu na mlango alilala bibi mmoja aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote, na mpaka leo kila mtu anamwita Mwalimu. Mwalimu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Akapasuliwa hospitali, akarudishwa makaoni na mshono mrefu pajani, nyuzi nyeusi, juu yake bandeji. Mchana mmoja mhudumu akaingia kukusanya vyombo. Akamkuta mama yangu ameketi ukingoni mwa kitanda cha Mwalimu. Bandeji ameshaitoa, ameikunja vizuri kama leso, ameiweka kando. Ameinama, uso karibu na paja, ukucha ameupitisha chini ya uzi. Uzi wa kwanza alikuwa ameutoa tayari. Mwalimu amelala fofofo kwa dawa. Damu ilikuwa kidogo.

Wanasema mama hakushtuka. Alimtazama mhudumu akamwambia, "Huyu aliyeshona hapa alikuwa na haraka. Niletee wembe."

Siku hiyohiyo wakamvalisha glavu.

Ukisikia glavu usifikirie zile za daktari. Hizi ni mifuko ya kitambaa kizito, imejazwa sponji, haina vidole, inafungwa kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wenye kitufe upande wa chini ili aliyevaa asikifikie hata kwa meno. Mtu akishavaa anakuwa kama bondia. Hawezi kushika kikombe, hawezi kujikuna pua. Nzi akimtua usoni anampungia kwa mito miwili.

Nilimkuta hivyo jioni nikitoka kazini. Mikono ameiweka mapajani, anaigonganisha taratibu, paf, paf, anaitazama. Mbele ya mlango wa chumba chake wamebandika picha ya cherehani, nzuri, ya rangi.

Lazima niieleze hiyo picha. Miezi michache kabla, Matroni, msimamizi wa makao, alipelekwa semina. Akarudi na maneno mapya. Zamani mama yangu alikuwa "mgonjwa", sasa akawa "mkazi". Zamani tulikuwa na "saa za kuona wagonjwa", sasa tukawa na "muda wa familia". Ukutani pale mapokezi wakaandika kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kama za duka la magodoro: HAPA MKAZI NDIYE MWENYE NYUMBA. Na kila mlango ukabandikwa picha ya kazi aliyoifanya mkazi zamani, ili wahudumu wamjue mtu na si ugonjwa wake. Kwa Mwalimu wakaweka ubao. Kwa mzee mmoja wa chumba cha jirani, aliyeendesha malori, wakaweka usukani. Kwa mama, cherehani.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Unapita kwenye picha ya cherehani, unaingia ndani, unamkuta fundi cherehani amefungwa mikono.

Nikaenda ofisini.

"Matroni, kile kitu mikononi mwa mama ni nini?"

"Karibu kaka, keti kwanza."

"Sikuja kuketi."

"Kaka, ni kwa usalama wake."

"Usalama wake au wa mapazia yenu?" Kwa sababu habari ya mapazia nilishaisikia. Tangu aingie pale mama alikuwa akifumua pindo za mapazia, pindo za shuka, mfuko wa aproni ya mhudumu akimsogelea kumpa chakula. Walishaniita mara kadhaa kuniambia mzazi wangu anaharibu mali.

Matroni akavua miwani. "Alimfumua mtu, kaka. Mtu mzima mwenye damu na familia. Mwanawe Mwalimu alikuja hapa akapiga meza hii mpaka chai ikamwagika. Ningemwambia nini? Kwamba ni bahati mbaya?"

"Kosa lilikuwepo, sikatai. Mhamisheni chumba. Mpeni kitu kingine cha kufumua."

"Cha kufumua?"

"Nguo. Mama hakushona magauni ya harusi, Matroni. Alikuwa fundi wa kurekebisha. Watu walimletea nguo za mitumba, suruali ya mtu mnene imtoshe mwembamba, koti lililoshonwa vibaya. Kazi yake ilianza kwa kufumua. Siku nzima anafumua. Anasema kufumua ni nusu ya kushona. Akiona mshono mbaya hawezi kuupita, kama wewe usivyoweza kupita sakafu chafu. Aliuona mbaya pale pajani, akaanza kazi. Hakujua kwamba ni mtu."

"Ndiyo hiyo inayonitisha," akasema Matroni. "Kwamba hakujua."

Hapo alinishinda, na sikupenda kushindwa. Akaendelea kwa sauti ya chini kwamba wahudumu wake anawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na wakazi wamejaza korido mbili, na nani atakaa na bibi mmoja kutwa nzima akitazama anachovuta. Nikamwambia nitakaa mimi. Nikitoka kazini nitakuja na nguo, atafumua mbele yangu, nami nikiondoka muda wa kulala umeshafika. Asubuhi mfungeni mkitaka, jioni mnipe mikono yake.

"Tujaribu," akasema. "Lakini sitaki kuona sindano, sitaki wembe."

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likigongwa ubavu linaletwa kwangu na nyundo zangu. Shule niliacha darasa la sita, na sijutii sana, ila nikiwa mbele ya watu wenye maneno ya semina huwa natamani ningekaa kidogo zaidi. Ila habari za mkono sihitaji kusomea. Niliwahi kuumia bega nikakaa nyumbani msimu mzima, na siku niliyorudi kazini nyundo ilinitazama kama hainijui. Mkono ni kama mbwa wa kufugwa. Usipomwita anahama.

Na mama alikuwa amebakiwa na mikono tu. Kichwa kilishaondoka. Mimi ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Mume wake anadhani yuko sokoni na amechelewa. Alikaa kwangu mpaka alipotoka mara ya pili kwenda kusimama katikati ya barabara kuu akitafuta duka lake, ndipo dada yangu akasema basi, makaoni. Lakini mpe kitambaa. Vidole vinasoma kitambaa upande wa ndani na wa nje bila macho, vinatafuta fundo, vinalipata, vinavuta uzi bila kuchana nguo. Yule mwanamke aliyenilea alikuwa amehamia mzima humo, kwenye vidole kumi. Ukimtaka, ungemkuta huko.

Basi nikawa nanunua mitumba mibovu, ile ya kutupwa chini ya meza. Nyumbani kwangu nililegeza mishono kwa wembe, pande zote mbili, nikatoa ncha ya uzi nje ili vidole vipate pa kuanzia. Jioni naipeleka kwenye mfuko. Namfungua glavu. Kwanza ananyoosha vidole, anavipuliza kama vimeungua. Halafu anavuta nguo.

"Nani kashona hii?" ananiuliza.

"Sijui, mama."

"Alikuwa amelewa."

Akaanza tena kula kwa mkono wake mwenyewe. Akaacha kupiga kelele wakati wa kuogeshwa. Nyuzi alizitoa akazizungusha kidoleni, akazikusanya kwa rangi, nyeupe huku, nyeusi huku. Yule mzee wa malori, ambaye tulimwita Dereva, alikuwa akija kuketi mlangoni na kiti chake cha magurudumu kumtania.

"Bondia, leo umeshinda pambano?"

"Wewe suruali yako imeshonwa na adui yako," mama anamjibu bila kuinua macho.

"Nimeshaambiwa na wake zangu wote."

"Basi wote walikuwa waongo isipokuwa katika hilo."

Sisi tunacheka. Yeye hacheki, yuko kazini.

Kulikuwa na mhudumu mmoja, mwanamke mrefu mpaka anainama mlangoni, kila mtu alimwita Mrefu. Mrefu aliona tofauti. Mchana ule ambao mimi niko gereji akaanza kumfungua mwenyewe, anampa nguo mbili tatu huku yeye akitandika vitanda vya chumba hichohicho, na jicho liko kwake. "Baba," aliniambia, "bibi akifumua asubuhi, mchana sihangaiki naye. Sisi tunamfunga ili tupate muda, kumbe akifunguliwa ndipo muda unapatikana." Matroni alijua. Hakusema ndiyo wala hapana. Mwalimu alihamishiwa chumba cha mbele na paja lake lilikuwa linaendelea vizuri.

Kama mambo yangebaki hivyo nisingekuwa na hadithi.

Ikaja siku ya wageni. Mwenyekiti wa makao na wenzake walitaka kuona matunda ya ile semina. Makao yakaoshwa mpaka mifereji. Dereva akapewa usukani halisi uliong'olewa kwenye gari bovu, akae nao ukumbini. "Nisimame wapi nikitaka kukojoa?" akauliza, wakamnyamazisha. Mwalimu akawekewa ubao na chaki. Mama yangu wakamvisha gauni la kitenge, wakamfungua glavu, wakamketisha mbele ya cherehani ya kuazima.

Cherehani haikuwa na uzi. Haikuwa na sindano. Wameitoa kwa usalama.

Mama alilizungusha gurudumu mara moja. Akaangalia mahali pa sindano, akaangalia mahali pa uzi. Akanitazama mimi niliyesimama ukutani na familia nyingine, akasema kwa sauti ya dukani, "Hii imekufa. Nani kaniletea maiti?"

Watu wakacheka kwa adabu. Matroni akatabasamu kwa meno yaliyofungwa. Mwenyekiti, bwana mnene mwenye suti ya kijivu, akasogea, akainama amsalimie.

"Shikamoo mama. Nasikia wewe ni fundi."

Mama hakuitikia salamu. Alishaona ukingo wa koti. Akaushika kwa vidole viwili, akaugeuza ndani nje.

"Nani kakushonea hii?"

"Nilinunua, mama."

"Ulinunua hivi hivi? Hukuiangalia? Bitana imeshikizwa kama mtu alikuwa anafukuzwa. Vua."

"Nivue?"

"Utakwenda nayo wapi hii? Vua, baba."

Na kabla yule bwana hajaamua, ukucha ulishapita. Uzi ukatoka mrefu, mzima, bitana ikaachia upande mmoja mpaka kwapani. Kazi safi. Koti lenyewe halikuchanika hata kidogo. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Dereva akapiga honi kwa mdomo. Mwenyekiti naye alicheka mpaka akafuta macho, nimpe haki yake, akavua koti akampa, na picha ikapigwa: mama na koti mapajani, uzi kidoleni, uso umewaka kama taa. Nilidhani tumeshinda. Nilidhani sasa wameona kwa macho yao kile kitu walichokiandika ukutani.

Wageni walipoondoka Matroni akaniita. Hakuniambia keti.

"Ameniaibisha."

"Mwenyekiti amecheka."

"Amecheka hapa. Nilipomsindikiza garini ameniuliza kama nimeshindwa kumdhibiti bibi mmoja." Akarudisha miwani machoni. "Leo koti la mwenyekiti. Kesho mshono wa nani? Kaka, nguo hizo zisiingie tena humu. Mrefu nimeshamwonya. Na glavu zitakuwa asubuhi na jioni. Zitatoka wakati wa kuoga tu."

"Wakati wa kula?"

"Atalishwa."

"Anajua kula!"

"Atalishwa," akasema.

Nikampigia dada yangu. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyesaini karatasi za makao, anaishi mji mwingine, kazi yake ya ofisini. Nilimweleza yote. Akaniambia kwamba Matroni ameshampigia.

"Mdogo wangu, hawa ni wataalamu. Wamesomea."

"Wamesomea kufunga bibi mikono?"

"Alitaka kumuua mtu."

"Alitoa uzi mmoja, dada!"

"Angetoa wa pili." Akashusha pumzi. "Wewe unajua mabati. Niachie hili."

"Mabati ndiyo. Bati huwa halinihitaji. Mama ananihitaji na wewe unasaini kwa simu."

"Basi mchukue," akasema. "Mchukue kwako leo. Utamfungia mlango ukienda gereji? Akitoka barabarani mara ya tatu utasema nini?"

Ndivyo ndugu wanavyopigana. Kila mmoja anajua ubavu wa mwenzake ulipo. Akasaini. Ridhaa ya familia, wanaiita.

Siku iliyofuata nilikwenda na kisu cha kukatia raba. Sikuficha. Nilikata mkanda wa kulia, nikakata wa kushoto, nikazitupa zile glavu kwenye pipa la taka la korido, mbele ya wahudumu, nikasema asiyependa aje anivalishe mimi. Mama alinitazama akasema, "Kaka, mbona unafoka? Duka limeungua?" Nikamwambia hapana mama, duka liko. Akaniamini. Akaanza kuvuta uzi kwenye mkono wa shati langu, na nikamwachia.

Mlinzi alikuja kunitoa. Matroni akasema nimeingia na silaha katika makao ya wazee na nijihesabie heri kwamba hajaita polisi. Nikapigwa marufuku kukanyaga pale mpaka familia ikae kikao na uongozi. Glavu mpya walikuwa nazo kabatini. Kumbe kuna kabati zima.

Nilienda getini mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema. Mlinzi alikuwa mtu mzima wa rika langu. "Ndugu yangu," ananiambia, "mimi hapa nina watoto wa shule. Usiniponze." Nampa ule mfuko wa nguo ampelekee Mrefu. Anautazama kama umebeba bomu. Anaurudisha.

Dada nilimpigia ili aje tufanye hicho kikao. Akasema kazi imembana, mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja, akasema wa mwezi ujao. Nilikuwa nayapiga nyundo magari ya watu kwa hasira hiyo mpaka tajiri wa gereji akaniambia, "Fundi, hilo gari limeshagongwa mara moja, usiligonge tena."

Halafu mchana mmoja Mrefu akaja gereji. Hakuwa na sare. Alisimama kwenye mafuta na vyuma, viatu vyake safi, akasema, "Baba, nimefukuzwa."

Alikuwa akimfungua mama wakati korido iko tupu. Kwa kuwa nguo zilikatazwa, alimpa pindo la aproni yake mwenyewe afumue. Nyumbani analishona, kesho analileta tena. Matroni akaingia akamkuta ameketi kitandani na bibi, aproni imeachia, glavu ziko chini. Ridhaa ya familia imevunjwa, ndivyo barua ilivyosema. Ridhaa ya familia yangu ndiyo iliyomfukuza.

"Sikuja kulilia kazi," Mrefu akasema. "Nimekuja kukwambia mikono yenyewe. Bibi hafungui tena vidole vizuri. Nikimtoa glavu ndani kuna unyevu, ngozi imekuwa nyeupe kati ya vidole, inanuka. Vidole vinaingia ndani. Mimi nilikuwa navinyoosha kidogokidogo kila nilipompa uzi. Sasa hakuna wa kuvinyoosha."

Nikamwambia dada kwa simu palepale, Mrefu akiwa amesimama, nikampa Mrefu simu ili dada asikie mwenyewe kwa mdomo wa mtu wa ndani. Sijui ni neno gani lililomfikia. Kesho yake alipanda basi.

Tuliingia pamoja, yeye na mkoba wake, mimi na mkono kwenye mfuko nisije nikashika kitu. Mapokezi wameitundika ile picha ya siku ya wageni, kubwa, yenye fremu: mama anacheka, mikono mitupu, koti la mwenyekiti. Dada alisimama kuitazama. "Mbona hapa yuko sawa?" akauliza.

Mama alikuwa ameketi kama siku ile ya kwanza ya glavu, ila hagonganishi tena mikono. Dereva alikuwa mlangoni pake. Alisogeza kiti chake tupite.

"Mfungue," nikamwambia Matroni.

Akamfungua yeye mwenyewe. Nilitegemea vidole vinyooke, vipulizwe. Havikunyooka. Ilikuwa ngumi mbili, nyembamba, zimejikunja kama miguu ya kuku aliyekufa, kucha zimeingia kwenye viganja na chini ya kucha kuna vidonda. Harufu ikatoka. Dada aliziba mdomo. Nikatoa shati nililokuwa nimelificha ndani ya jaketi, nyuzi zimelegezwa tayari, ncha nje, nikaliweka mapajani pake.

Mama akaliangalia. Akaangalia mshono. Aliuona, nakuapia, kwa sababu midomo ilitikisika. "Mbaya," akasema. Mikono ikainuka kidogo kutoka kwenye paja, zile ngumi mbili, zikagusa kitambaa, zikatelezea juu yake, zikatelezea tena. Akazitazama kama ni za mtu mwingine aliyekuja kumsumbua kazini. Halafu akaangalia dirishani.

Dada alikuwa analia. "Mbona hukuniambia imefika hapa?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia hivi!"

"Dada, ulitaka nikuambie vipi? Nikutumie kidole?"

Matroni alisimama na zile glavu mkononi. Nilimtazama nione kama atasema neno la semina. Hakulisema. Alisema, "Tutaita mtaalamu wa viungo." Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mara ya kwanza niliona ni mwanamke aliyechoka mwenye korido mbili. Sikumhurumia. Hata leo nikijaribu, haiji.

Mtaalamu wa viungo alikuja. Alikuwa kijana mpole, alivishika vile vidole kimoja kimoja kama anashika mayai. Akatuita nje. Akasema mishipa imefupika, na kwa umri ule haitarudi. Angeitwa mapema, akasema, mambo yangekuwa mengine. Kila mtu pale koridoni alipata kitu cha kuangalia sakafuni.

Glavu hazivaliwi tena. Hakuna haja.

Hesabu ya hasara nimeipiga mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine atakayeipiga. Makao yalipoteza pindo za mapazia mawili, shuka kadhaa, mfuko wa aproni na bitana ya koti moja, mapazia yameshashonwa. Mwalimu alipoteza uzi mmoja, daktari akaurudisha kesho yake, na sasa anatembea na fimbo. Mrefu alipoteza kazi, anafulia watu nguo majumbani. Matroni yuko palepale. Mimi na dada tunaongea mambo ya mama tu, na tukimaliza tunakata simu. Mama analishwa kwa kijiko. Kila asubuhi watu wawili wanamshika, mmoja anamtuliza na mwingine anamfungua vidole kwa nguvu ili viganja vioshwe, na analia mpaka wamalize. Mkono wa kulia unafunguka nusu. Wa kushoto haufunguki.